Sauti ya Bi Rukia Isivuke Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Mkuu wa Matengenezo wa hoteli, mtu wa bara aliyependa kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kusema, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba akaniuliza, "Wewe ndiye fundi wa redio tuliyeletewa na chuo?" Nikamjibu ndimi. "Basi anza na vumbi." Niliupokea ufagio bila kununa, maana vumbi ni adui wa amplifaya kama lilivyo adui wa sebule, na kile chumba cha mitambo nyuma ya ukumbi wa disko hakijapata kufagiwa tangu kijengwe. Nilipomaliza sakafu nilifungua kifuniko cha amplifaya kubwa nikaisafisha nayo kwa brashi ya rangi. Jioni muziki ulitoka bila kukwaruza. Mkuu akaja kuchungulia, akasikiliza, kisha akauchukua ule ufagio mkononi mwangu akaenda kumpa mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa Malindi, miaka ya themanini. Mimi ni mzaliwa wa Vitengeni, jina langu Kadzo, na darasani kwetu chuoni nilikuwa mwanamke peke yangu. Ninyi mnaosoma haya mmezoea spika zinazoongea na simu bila waya, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisimama njiani kueleza vitu ambavyo kwenu ni vya makumbusho.

Hotelini nilifundishwa jambo moja tu, nalo ni kuongeza. Mkuu wa Matengenezo alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Ongeza, Kadzo. Mgeni asipotikisika mbavu atadhani tumemwibia." Nami nikawa naongeza. Spika zikipasuka, nazishona makaratasi yake kwa gundi na leso za karatasi, kesho yake naongeza tena. Sitamsema vibaya, alinilinda dhidi ya wengi walioona mwanamke hafai kushika waya. Lakini kwake sauti ilikuwa kitu cha kurundika, na kwa muda mrefu hata mimi niliamini hivyo.

Hoteli ilipoagiza mitambo mipya, ile amplifaya ya zamani iliuzwa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Shella. Nilitumwa niipeleke kwa mkokoteni na kumwonyesha maradhi yake. Yule fundi, mzee mrefu wa maneno machache ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkuu, alinisikiliza nikieleza wapi inapata moto na swichi gani hudanganya. Nilipomaliza akasema, "Umeijua kuliko aliyeitengeneza. Utaniachia ije peke yake?" Mwisho wa mwezi nilikuwa nimeaga hotelini. Wenzangu walisema nimepungukiwa akili. Mimi husema sikuacha kazi, niliifuata amplifaya.

Karakana ya Fundi Mkuu ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya risasi ya kulehemia iliyoyeyuka na kahawa. Alikuwa na kanuni yake: kabla hujaiwasha pasi ya kulehemu, lazima useme kwa maneno yako mwenyewe mteja anataka nini. Siyo redio imeharibika wapi, bali mwenyewe anataka nini. Nilichoka na swali lile. Mtu analeta redio bubu, atataka nini kama si isikike? "Isikike na nani?" angeniuliza, na mimi namkodolea macho.

Nilimwelewa tulipoletewa kazi ya Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mwimbaji wa harusi. Simaanishi mwimbaji wa jukwaani. Yeye aliimbia wanawake peke yao, uwanjani ndani ya nyumba, siku bibi harusi anapotolewa ameshapambwa. Alikuwa na wimbo mmoja aliourithi kwa mamake, ambao aliuimba mara moja tu katika harusi, karibu kabisa na bibi harusi, na wanawake waliousikia hawakuutoa nje. Hakuna mwanamume wa Shella aliyeujua, ingawa wake zao karibu wote waliimbiwa. Kisha Bi Rukia akapata uvimbe wa koo. Alipasuliwa, akapona, alhamdulillahi, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, pumzi yenye maneno ndani yake.

Aliyekuja karakanani ni binti yake, Bi Zuhura. Mwanawe, Salma, alikuwa ndani akisubiri harusi yake, na alikuwa amekata shauri. "Asema hatoki chumbani mpaka nyanyake amwimbie," Bi Zuhura alituambia. "Na mama naye hataki kufa hajamwimbia Salma. Ndiye mjukuu aliyemlea kwa mikono yake. Mimi niko katikati, Fundi, nimechanika."

"Yeye mwenyewe asemaje?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Asema, mkiweza kumtengenezea sauti, iwatoshe wanawake walio uwanjani. Isivuke ukuta. Asema hajapata kuimbia njia, na hataanza uzeeni."

Fundi Mkuu akanigeukia. "Haya, Kadzo. Mteja anataka nini?"

"Anataka kufika ukutani," nikasema, "na kusimama hapo."

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Maiki hutoa umeme mchanga sana, tone tu. Amplifaya ya nguvu, ile yenye misuli ya kusukuma spika, haiwezi kulisikia tone hilo, ni lazima kwanza likuzwe na kifaa kidogo kinachokaa katikati, ambacho mafundi tunakiita priamp. Zile za dukani zilitengenezwa kwa watu wenye sauti zao. Kwa mnong'ono wa Bi Rukia hazikufaa kitu. Fundi Mkuu akaunda ya kwake, kwa transista, vile vipande vinavyokuza umeme, alizong'oa kwenye redio zilizokufa, akaifungia ndani ya bati la biskuti ili lile bati liikinge na mvumo wa umeme wa nyumba. Ilikuwa kali ajabu. Ukiweka maiki mezani ulisikia saa ya mkononi ikitembea.

Kisha akaenda nyumbani kwa Bi Rukia kuipima, na aliipima kwa adabu zote za mji. Pazia lilishushwa katikati ya chumba. Yeye akakaa upande huu na amplifaya yake, maiki ikapitishwa chini ya pazia na kuwekwa juu ya kigoda, na Bi Rukia upande wa pili akaombwa aseme chochote. Hakusikika. Fundi Mkuu akabadilisha rezista, vile vijiti vidogo vya rangi vinavyopunguza umeme, priamp ikazidi ukali. Bado. Akabadilisha tena, na tena, mpaka ule mnong'ono ukatoka kwenye spika. Akamshukuru Mungu, akafunga bati.

Tuliijaribu siku ya hina, wanawake wa karibu tu. Mimi ndiye niliyeingia nayo, kwa kuwa mwanamume haingii. Bi Rukia alikalishwa mkekani, maiki nikamshikisha mkononi mbele ya kifua. Alipofungua kinywa, spika ilitoa mkwaruzo kama wa mtu anayeburuta kabati sakafuni. Kwa heshima yake wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele vilipoingia kwenye maiki spika ikapiga yowe la mluzi lililowafanya watoto wazibe masikio. Mtu akacheka. Sidhani alicheka kwa ubaya, ila alicheka, na wengine wakamfuata. Niliruka nikazima. Bi Rukia aliinuka, ameshika shingo, akaenda chumbani kwake, nasi tukasikia komeo.

Sijapata kuona aibu ya kazi kama ile, na hata pasi sikuwa nimeshika mimi.

Karakanani, Fundi Mkuu alipunguza voliumu ya amplifaya. Sauti ikawa ndogo, lakini mkwaruzo ukabaki pale pale. Akanionyesha kwa nini. Katika amplifaya ile, umeme unapoingia hukutana kwanza na transista ya mlangoni, voliumu iko nyuma yake. "Priamp yangu ni jagi, huu ni mdomo wa chupa," alisema. "Nikimimina jagi lote, itamwagika mdomoni. Kupunguza huku nyuma ni kupunguza kilichokwisha haribika. Inapasa umeme ukatwe kabla haujaingia."

"Basi tuukate," nikasema.

"Tukiukata Bi Rukia hasikiki. Tusipoukata, yowe." Aliizungusha kahawa kikombeni. Harusi ilikuwa imekaribia, na Bi Zuhura alikuwa amekuja asubuhi ile macho mekundu kusema mamake hali wala hanywi, na Salma ameapa hapambwi. "Tatizo langu, Kadzo, nilipima mtu nisiyemwona. Sijui amekaa wapi. Wala haifai nijue. Nenda ukaniangalilie."

Nilikwenda. Nilibisha mlango wa chumbani nikasema, "Hodi Bi Rukia, ni Kadzo wa karakana. Shikamoo."

"Marahaba." Niliisikia kwa shida. Komeo likafunguliwa kidogo. "Mwanangu, nimekwisha kuchekwa. Umri huu sikuhitaji."

"Sijaja na maiki, Bi. Nimekuja kukuomba ukae vile ulivyokaa siku ile Fundi Mkuu alipokuja."

Alinitazama kama anayedhani nimechanganyikiwa, lakini aliniruhusu kuingia. Akaenda akakaa kitandani, kwenye pembe ya mbali kabisa na pazia, uso ameuelekeza ukutani. Kisha akavuta ncha ya mtandio, akajifunika mdomo na shingo.

"Hivyo hivyo?"

"Ulitaka nikae vipi, na mwanamume yuko upande wa pili?"

Nilicheka, ikanibidi nimwombe radhi. Nikamweleza: maskini Fundi Mkuu alikuwa akiitega ile maiki kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya jirani. Sauti ya Bi Rukia ilifika kwenye kigoda ikiwa makombo, na priamp ikafanywa kali ili iokote makombo. Siku ya hina maiki ikaletwa pale pale mbele ya Bi Rukia, ikaokota na pumzi, na kicheko, na vigelegele vya uwanja mzima, na spika yenyewe.

"Basi tatizo si koo langu?" aliuliza.

"Koo lako lina sauti ya kutosha, Bi. Tatizo ni umbali. Maiki ikikukaribia midomoni, wewe utakuwa mkubwa kuliko kila kitu kingine. Hapo tutaweza kuupunguza umeme, na wewe ubaki."

Akaitikia kwa kichwa, lakini nilipomwonyesha kwa ngumi mahali maiki itakapokaa, alirudi nyuma. Mkono ukaenda shingoni. Akaushusha mtandio pole pole, nikaliona kovu, limevuka shingo kutoka upande mmoja hadi wa pili. "Nikiishika hapo, wote watatazama hapa," alisema. "Mimi walizoea kunitazama uso."

Ufundi wangu wote ulikomea pale. Nikakaa naye tu. Baadaye nikauchukua ule mtandio begani pake, nikauzungusha ngumi yangu, nikaiweka chini ya kidevu chake, ndani ya vazi. Kovu likafichika, ngumi ikafichika, uso ukabaki wazi. Bi Rukia akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Sasa hii ndiyo adabu," akanong'ona, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Kumbe kitambaa kile kilitusaidia na kwa jambo lingine: kilizuia pumzi isipige maiki.

Kesho yake tulipima upya, na sijui kama Malindi imepata kuona upimaji wa namna ile. Fundi Mkuu alikaa nje barazani, pasi yake ya kulehemu ameichomeka kwa jirani. Mimi na amplifaya tulikuwa ndani. Kwenye waya wa kuingilia amplifaya, ambao ungeweza kuchomolewa na kupelekwa barazani, tuliweka rezista mbili: moja ilisimama njiani kuuzuia umeme, nyingine iliupeleka ardhini ule uliozidi, ili upite kadiri ya kipimo cha ile transista ya kwanza. Ilibaki kujua ni rezista za ukubwa gani. Hilo halisemwi na kitabu, husemwa na masikio.

Bi Rukia alisema maneno, si wimbo. Nikatoka mbio na ule waya. "Bado inakwaruza kidogo." Fundi Mkuu akabadilisha rezista, akanirudishia waya mlangoni. Nikarudi. Safi, safari hii. Ndipo nikawaita wanawake waliokuwa jikoni, mikono imejaa unga, nikawaomba wapige vigelegele kwa nguvu zao zote. "Bila harusi?" mmoja akauliza. "Harusi ni kesho kutwa, jizoezeni." Wakapiga. Spika ikavumilia mpaka mwisho, halafu ikatoa kamluzi. Nikatoka tena, rezista nyingine ikaingia, tukaigeuza spika iwatazame wageni na kumpa Bi Rukia mgongo. Vigelegele tena. Kimya.

Nikauzunguka ukuta kwa nje, Bi Rukia akiendelea kusema ndani. Njiani alikuwa amepita muuza maji na mkokoteni wake tu. Sikusikia kitu. Nikarudi ndani, nikasimama ukutani: kila neno. Mkono wangu wa hotelini ukaniwasha kutaka kuongeza kidogo, kwa usalama. Sauti ya Fundi Mkuu ikaja kutoka barazani kana kwamba ananiona. "Ikifika ukutani, Kadzo, acha."

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, baada ya sala. Uwanja ulijaa mpaka ngazini. Bi Rukia alikaa mkabala na chumba cha Salma, mtandio umemzunguka kidevu, na aliyekuwa hajui asingejua kuna maiki mle. Wanawake waliokuwapo siku ya hina walikuwa wakiitazama spika, si yeye. Mimi nilichuchumaa kando ya amplifaya.

Akaanza. Ilikuwa pumzi, lakini pumzi iliyotandaa uwanja mzima, ikamfikia mwenye kusimama ngazini sawasawa na aliyekaa mkekani. Nyumba ikanyamaza. Mlango wa chumba ukafunguka, Salma akatoka, ameinamisha macho kama inavyotakiwa, machozi yakimharibia wanja. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, vigelegele vikapaa, na kila jicho likageukia spika. Haikulia. Nilikuwa nimeshika kile kitufe cha voliumu kwa vidole viwili, na hapakuwa na haja ya kukigusa. Nililia, sifichi. Nililia kuliko jamaa wa bibi harusi.

Alipomaliza, Bi Rukia aliitoa maiki kwenye mtandio akanipa mimi. Kisha akamvuta Salma, akamwinamia sikioni, akamwambia maneno ambayo hayakupita kwenye waya wowote.

Nje nilimkuta Fundi Mkuu pale pale barazani, kahawa imepoa.

"Imefika wapi?"

"Imefika ukutani."

"Haikuvuka?"

"Wewe ndiye uliyekuwa huku, Mzee."

"Haikuvuka," akasema. Alifurahi, lakini nilidhani nimeona na kitu kingine usoni pake, na sikukielewa wakati ule.

Baadaye nilihamia Kilifi, nikafundisha katika chuo cha ufundi hadi kustaafu kwangu. Mwalimu Mkuu wa kwanza alinilalamikia kwamba wanafunzi wangu huchelewa kufika kwenye mtaala. Ni kweli. Niliwachelewesha kwa maswali: anayesema amekaa wapi, na anataka kusikika na nani? Mwalimu Mkuu aliyemfuata alikaa darasani kwangu siku nzima, akatoka akaniambia niendelee. Vijana wengine waliniona mama mwenye kusumbua. Wengine leo hunipigia simu wakiwa kwenye kumbi kubwa, huku nyuma nikisikia mitambo ambayo mimi singeijua, na huniambia, "Mwalimu, nilikwenda kwanza kumwangalia alipokaa." Siku hizo mimi hulala vizuri.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Shella kumwamkia Fundi Mkuu. Karakana ilikuwa imefungwa zamani, Bi Rukia alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Salma ana wajukuu. Mzee alikuwa kitini, macho hayaoni vizuri na sikio moja limekufa. Tuliongea habari za ile amplifaya kama watu wanaomkumbuka jamaa. Kisha akasema:

"Marehemu mke wangu naye aliimbiwa na Bi Rukia, siku ya harusi yetu. Nilikuwa nje, kama siku ile. Kila nilipomwuliza wimbo unasemaje, alicheka tu. Amekufa hajaniambia." Akageuza uso upande wangu. "Wewe ulikuwa ndani, Kadzo. Unaukumbuka?"

"Naukumbuka wote, Mzee."

"Unasemaje?"

Nilisogeza kigoda upande wa sikio lake zima. Nilikuwa tayari. Kwa mtu yule ningetoa chochote. Niliinama mpaka nikakaribia kuligusa, nikavuta pumzi, naye akainua mkono.

"Wacha, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeipima isivuke ukuta."

Niliinuka, nikakaa sawa kwenye kigoda. Kisha nikammiminia kahawa.